Mama, Kuhusu Zile Mashine za Kibondo

Kasulu,
Septemba 2014

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla ya yote naomba ukae vizuri, uvae miwani, na kama majirani wapo uwanyamazishe, maana nina tangazo. Kwa masikitiko makubwa natangaza kwamba mashine yangu ya CD, ile ya upande wa kushoto, iliyoozesha nusu ya vijana wa Kasulu, imestaafishwa. Hakutakuwa na hotuba. Imewekwa juu ya kabati, mkweo Mama Rehema ameifunika kitambaa cha kufuma, na kuku mmoja ameshaanza kuitazama kwa nia ya kutagia.

Baada ya tangazo hilo, hali yako? Magoti yanasemaje? Zile dawa unameza au bado unaziweka chini ya mto upate kuwaonyesha wageni? Sisi huku tu wazima. Mvua za kwanza zimegusa ardhi, mkweo yuko shambani na maharage yake, na Rehema huko kwa mumewe, kijijini Muyama, ameshaanza kusema Kiha kwa kasi, mpaka mimi niliyezeekea huku namwomba arudie.

Najua unajiuliza kwa nini barua, mtu mzima ana simu mfukoni. Umepiga sana, na kila mara mkweo amepokea akakwambia nimetoka kikazi. Sijakukasirikia, Mama. Mara nyingi nilikuwa nimekaa hapo hapo kando yake. Ni kwamba simu siisikii tena. Nitakueleza, ila niruhusu nianzie kwenye mashine, maana hata mimi ndiko nilikoanzia.

Kazi yangu unaijua, ingawa kwa watu wa Tanga bado unasema mwanao ni fundi umeme. Wimbo mmoja ukielekea kwisha, unausikiliza wa pili peke yako kwenye hedifoni, unausogeza taratibu mpaka hatua zake zilingane na za ule wa kwanza, halafu unawaachia watu. Wanaocheza hawajui kama umebadilisha. Ndiyo raha yake, na ndiyo kazi pekee duniani ambayo ukiifanya vizuri hakuna anayekushukuru.

Basi tangu mwaka jana nyimbo zikaanza kunigombania. Kwenye harusi moja pale Buhigwe ziligongana hadharani, na mshereheshaji akaniuliza kwenye kipaza sauti kama huo ndio mtindo mpya wa pwani. Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndio. Watu wakapiga makofi, bado nasubiri kusikia kama umeenea. Nikailaumu mashine. Vumbi letu hili jekundu huingia hata kwenye yai, kwa hiyo nikaifungua, nikalifuta jicho lake la kusomea CD kwa pamba, nikaifunga. Zikagongana tena.

Ndipo nikapanda basi kwenda Kibondo kwa Ndabhona. Huyu ni mzee mwenzangu wa kazi, alikuwa DJ kabla yangu, siku hizi anauza vyombo vya muziki. Mezani alikuwa na vitu viwili vya kuchagua. Cha kwanza ni jozi ya mashine za CD za zamani, nzito, kila moja inajitegemea, chuma kitupu, ambazo alizitumia mwenyewe na anazisifu kama mtu anayeoza binti. Cha pili ni kontrola ya kisasa, nyepesi kama sinia, ambayo peke yake haina akili mpaka uiunganishe na laptopu. Humo laptopu inakuchorea kila wimbo kama safu ya milima, ngoma ikipiga kilima kinapanda, na ukitaka kuunganisha nyimbo mbili unapanga milima ya huku ilingane na ya kule. Unafanya kazi kwa macho.

Nilimwambia nataka zile za zamani. Mtu wa makamo asianze kujifunza kompyuta mbele ya mabibi harusi. Akafurahi, akaniwekea CD, akanipa hedifoni. Nikavaa. Upande wa kushoto kimya, upande wa kulia kama mtu anaongea ndani ya gunia. Nikamwambia hedifoni yake mbovu. Akanipa nyingine. Nikamwambia na hii mbovu. Akaivua kichwani kwangu, akaivaa mwenyewe, akafumba macho, na kichwa kikaanza kumwendea kwa mapigo. Alivyokuwa akitikisa kichwa taratibu vile, Mama, mimi nikajua.

Yeye alikuwa bado hajajua. Alikuwa anaicheka kontrola, kwa sauti kubwa kama kawaida yake, nami namtazama midomo.

"Hii hapa ni ya watoto," akasema. "Kwa hii hata kiziwi atapiga harusi."

Nikamwambia, basi nifungie hiyo.

Akacheka kwanza. Halafu akanitazama, akaacha kucheka, akavuta kiti akaniambia nikae. Alinifundisha ile milima siku nzima, pole pole, akinigusa bega kila alipotaka nimtazame. Mchana tukala ugali kwa dagaa dukani kwake, akanipa vichwa vyote kwa kuwa mimi ni mtu wa pwani. Kabla sijaondoka nikamuuliza swali moja tu: mtu akiongea kwenye kipaza sauti, laptopu inamchora?

Akafikiri. "Haimchori, mzee. Mtu si unamsikia mwenyewe?"

Akayajutia hayo maneno nikiwa namwona.

Nilikwenda Kigoma kwa daktari wa masikio. Ni kijana mpole, akaniandikia kwa mkono kwamba sikio la kushoto limekwisha, la kulia linalifuata, na chanzo ni kukaa karibu na spika maisha yote. Nguvu ya kusikia hairudi. Nilimuuliza kama nikipumzika itarudi kidogo, akatikisa kichwa kabla sijamaliza kuuliza.

Kwa hiyo ndiyo hali ya mwanao. Kontrola nimeshaipigia harusi, na milima haigongani. Mkweo hukaa kando yangu kwenye kiti, mtu akishika kipaza sauti yeye ananivuta kanzu nizime muziki, mtu akimaliza ananigusa goti. Nimekuwa lori linalorudi nyuma, na mke wangu ndiye utingo. Watu wanasema tumependana uzeeni. Hatuwakatalii.

Nisalimie dada Mwanaidi, mwambie, yeye mlezi wa ujana wangu aliyekuwa akinivuta sikio, kwamba angevuta vizuri zaidi lingedumu. Msalimie mjomba fundi cherehani, kanzu yake bado inanitosha tumboni kwa shida. Msalimie shangazi wa Pangani, na mke wa marehemu kaka, na wanawe wote. Ndabhona anakusalimu bila kukujua, kasema nikuandikie "mwidiwe", ndiyo salamu yao huku.

Nimetanguliza salamu makusudi, Mama, nisipate mahali pa kujificha. Sasa nikwambie yaliyotokea siku ya harusi ya Rehema, kabla sijakwenda Kibondo.

Rehema ameniambia kwamba tangu siku ile unalaumu simu yako. Kwamba ulimwomba msamaha mara mbili kwa dua yako kukatika katikati, na kwamba umesema labda Mungu hakupenda ifike. Niliposikia hayo nikamkalisha mkweo nikamtaka ukweli. Alikataa, halafu akalia, halafu akasema.

Ulipopiga simu kuwaombea dua maharusi, mshereheshaji aliiweka kwenye kipaza sauti kama tulivyopatana. Mimi nilikuwa nyuma ya spika, nimeinama kwenye mfuko wa CD, nimewapa watu mgongo. Nikasubiri sauti yako. Nikasikia kimya. Nikadhani mtandao umekatika, na DJ haachi kimya kikae uwanjani. Nikabonyeza.

Mkweo anasema ulikuwa unasikika vizuri kabisa, mpaka kwa wapishi. Ulikuwa umemaliza kuwataja maharusi, ukaanza kumtaja marehemu baba, kwamba angekuwepo angefurahi. Hapo ndipo muziki ulipoingia.

Niliinua kichwa nikawaona watu wote wana mikono juu. Huku mtu akifurahi hucheza mikono imeinuliwa, unakumbuka nilishakuhadithia. Nikafurahi sana, Mama. Nikaongeza sauti. Rehema alikuwa analia, nikadhani ni machozi ya bibi harusi, nikampungia mkono nikicheka. Mshereheshaji akakimbilia kukata simu, akatangaza kwamba mtandao umetusaliti, na watu wote wa uwanja ule, wakwe na wageni, wakakubaliana kwa macho kutosema. Wameshika neno hilo mpaka leo. Hata wewe hukuambiwa, kwa ajili yangu.

Simu yako ni nzima, usinunue nyingine. Mungu hakuikataa dua yako. Waliisikia wote pale, na mikono waliyoinua ilikuwa ya kuitikia amina. Mimi peke yangu ndiye niliyekosa kuisikia, na ndiye niliyeikata.

Ni mimi mwanao,
Shabani