Madoa ya Mariamu

Mjukuu wangu Salma,

Huku Buyenzi tu wazima, alhamdulillahi, na mama yako ameacha kukohoa. Umeuliza ni nani mwingine katika ukoo wetu aliye na madoa yenye magamba kama yako. Ni bibi yako Mariamu, dada yangu mdogo, na mimi ndiye niliyemzidishia.

Nilikuwa fundi wa magari, na ufundi nilijifunza mwenyewe. Yeye alikuwa na madoa saba mikononi. Machoni pangu ile ilikuwa kutu. Nikamsugua kwa mazutu ya garaji, yaani dizeli, na brashi ya chuma, siku nne mfululizo.

"Kaka, apana! Inachoma!"

"Vumilia, we mutoto. Kutu haitoki kwa kubembelezwa."

Baada ya wiki mbili nilihesabu madoa ishirini na matatu, mengine pale pale palipokuwa pazima kabla brashi haijapita. Nikamwita mchafu.

Sasa unaniandikia kwamba seli za ngozi zenyewe huwaita askari wa mwili hata pasipo na mdudu, na ngozi ikikwaruzwa huwaita zaidi. Kumbe niliyekuwa nawaita ni mimi. Nakasirika kwamba hakuna daktari aliyetuambia. Lakini Mariamu aliniambia inachoma.

Jana nilimsomea barua yako. Akacheka kidogo.

"Mwambie asikubali mutu amusugue. Hata babu yake."

Nimeandika kama alivyosema. Mikono ya gauni lake ilikuwa imeshuka mpaka viganjani, kama kila siku akiwa mbele yangu.

Babu yako