Paji la Uso la Nyandwi

Kasenga, Uvira
Jumamosi, tarehe 6 Machi 1965

Mdogo wangu Ildephonse, mchungaji wetu huko Bujumbura,

Nakusalimu katika jina la Bwana. U hali gani? Georgette na watoto hawajambo? Na kile kifua chako kimetulia, au bado unakohoa kama mbuzi wa Bijombo? Sisi huku tu wazima. Tangu waasi wafukuzwe tunalala, ndagala, wale dagaa wa ziwani, zimeanza kupatikana tena, na kanisa limepata mabati mapya upande wa mlangoni. Mimi ndiye ninayelifagia kila alfajiri, na sipendi mtu anisaidie.

Barua yangu ya Krismasi uliipata, najua, maana matunda yake tumeyaona. Ulikuwa umeniuliza ni nani aliyempeleka marehemu mwanangu Damien kwa mganga wa waasi, yule aliyewachanja watu usoni na kuwanyunyizia dawa ili risasi zigeuke maji. Uliuliza kwa uchungu, wewe mjomba wake uliyembatiza ziwani kwa mikono yako. Nikakujibu kwamba namshuku Nyandwi, mwanamke wa Luvungi aliyehamia nyuma ya nyumba yangu wakati wa vita. Nawe ukamwandikia mzee Basile wa kanisa letu.

Sababu nilikuwa nazo, au nilijipa. Mtu kazaliwa kwa Wakatoliki wa bondeni, leo anaimba nyimbo zetu kutushinda sisi wenyewe, kwa nini? Kitambaa kakivuta hadi kwenye nyusi, jua liwepo lisiwepo. Nikifika mtoni kuchota maji, ananyamaza. Akinisalimu, ananitazama machoni hata baada ya salamu kwisha. Nikawaambia akina mama wa kanisa kwamba kikulacho ki nguoni mwako, wamwangalie vizuri huyo.

Jumapili iliyopita ilikuwa Meza ya Bwana. Wazee wameweka desturi mpya: kila anayeingia husimama mlangoni na kufunua paji la uso, na mwenye chale za waasi hukaa benchi la nyuma miezi mitatu, hali mkate. Mzee Basile alinitazama mara moja tu, akasema paji langu ni safi kama sahani, niende mbele. Zamu ya Nyandwi ilipofika niligeuza shingo nisikose kuona. Alifungua kitambaa mwenyewe. Chale zilikuwepo, mbili, juu ya nyusi. Moyo wangu ulifurahi, Ildephonse. Mungu anisamehe, ulifurahi.

Basile akasoma barua yako mbele ya wote, kisha akamwuliza kama ndiye aliyempeleka Damien. Nyandwi akajibu kwamba chale ni zake, aliogopa kufa akamtegemea mganga, na dhambi hiyo amekwisha kuitubu. Lakini Damien hakumpeleka yeye. Wakamwuliza ni nani basi. Akafunga tena kitambaa chake, asitaje. Wazee wakasema hataikaribia Meza mpaka ataje, na nyuma yangu watu wakanong'ona kwamba afadhali askari wa kambini wajulishwe. Unajua askari wanawafanya nini wenye chale. Mimi nilipokea mkate, nikala.

Jumatatu nilimfuata akiwa anaanika ndagala, nikamwuliza kwa ukali anataka nini kwangu. Hakuinuka. "Mama Damien, minye sitaki kitu," akasema. "Zambi ya weye iko ya kusema na kinywa ya weye." Nikamjibu kwamba mimi nafunga, nafagia nyumba ya Mungu kila siku, yeye amemfanyia Mungu nini? Akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Ile kufagia nayo iko dawa, mama. Unajichanja na ufagio. Yesu alishakufa. Weye unataka kuongeza nini?"

Nilirudi nyumbani nikalia mpaka macho yakavimba.

Ildephonse, ni mimi. Siku ile kwa mganga, Nyandwi alikuwa mbele yangu kwenye mstari. Aliniona nimemshika Damien mkono, na jogoo wa kumlipa mganga kwapani. Damien hakutaka. Aliniambia, mama, mimi nimebatizwa. Nikamwambia damu ya Yesu ni ya mambo ya mbinguni, risasi ni mambo ya hapa chini. Waasi walikuwa wanawachukua vijana wote, nami nilitaka wangu arudi. Nilimshika kichwa mwenyewe alipochanjwa. Akaenda mbele ya bunduki bila kuinama, kwa sababu mama yake alimhakikishia. Miezi hii yote sikumshuku Nyandwi hata siku moja. Nilimwogopa.

Kesho nitasema mbele ya kanisa, kisha nitakaa benchi la nyuma. Ufagio nimempa Sabine, mwenzangu wa kanisani. Sina tena cha kumpelekea Mungu, nimebaki kumwamini tu, na imani yenyewe bado inatetemeka. Niombee. Ukishindwa kuniombea, nitaelewa.

Wasalimie wote wa nyumbani, na Georgette asisahau kukupaka mafuta kifuani. Anayekuletea barua hii ni Nyandwi. Nimemsihi avuke kuja huko leo na ndagala zake, akae huko mpaka maneno ya askari yapoe. Bahasha sikuifunga, na nimemsomea yote kabla hajafunga kikapu chake. Mpe maji anawe, mpe chakula. Na siku utakapomgawia Meza ya Bwana, mpe kwa mkono uleule uliomwandikia Basile.

Ni mimi dada yako, mama yake Damien,
Célestine