Kadi Yako ya Klabu Nimeitia Humu

Nyumba ya tatu nyuma ya uwanja,
Chumba cha uani.
Jumanne, 12 Agosti

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, mgongo umetulia na kile kikohozi ulichokitaja mwaka juzi kimekwenda zake. Unakula vizuri? Unapata usingizi? Mama amenituma nikuulize kama bado unavaa soksi mbili mbili. Anasema uko hivyo tangu utotoni na hataki kusikia kwamba umeacha.

Sisi hatujambo kwa kiasi chetu. Magoti yanamsumbua Mama, lakini mdomo wake haujambo kabisa. Baba watoto bado anachomelea mageti na madirisha. Binti yangu mkubwa ametimiza miaka minne na anahoji watu kuliko polisi. Mdogo ana miezi minane na anaota meno mawili kwa mpigo. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka usishangae, yuko mapajani na kalamu anaitaka yeye.

Nakuandikia nikiwa nimekaa mlangoni pa stoo ya klabu, jezi ziko kambani zinakauka. Tangu Baba afariki mwaka jana kazi yake ya kutunza vifaa ninaifanya mimi. Nafua, nashona, najaza mipira upepo. Kocha ananiita Waziri wa Povu. Nachoka mpaka nasinzia nimesimama, lakini hii kazi naipenda, Mjomba, sikufichi.

Sasa nikueleze kilichonifanya niandike, ingawa mwenyewe sijakielewa sawasawa. Jumapili hii wenye kadi wanapiga kura. Kuna tajiri tunamwita Mwenye Mabasi, anataka kuichukua klabu iwe yake. Kadi zote zirudishwe, wanachama wabaki kuwa mashabiki tu, naye atajenga jukwaa jipya na kuleta wachezaji. Kati ya kadi za waanzilishi, zilizobaki na watu ni kumi na tisa. Tisa wamesema ndiyo. Nane wamesema hapana. Mbili ziko kwangu, kwenye kopo la maziwa pamoja na kadi za kliniki za watoto. Moja ni namba saba, ya Baba, ambayo sasa ni yangu kwa urithi. Ya pili ni namba kumi na moja, yako.

Kwa hiyo tangu wiki iliyopita nimekuwa mtu mkubwa ghafla. Watu ambao hata salamu walikuwa wananibania, sasa wanakuja kumbeba mtoto. Katibu amekuja mara tatu. Mara ya tatu akaninong'oneza, "Wewe inua mikono yote miwili, kadi hii na hii. Nani atauliza? Asiyekuwapo na lake halipo."

Nikamwambia nitafikiri. Nimefikiri mpaka nikatia chumvi kwenye chai ya watu.

Nilidhani nikijua wenye klabu waliopita walifanya nini, nitajua huyu atafanya nini. Nikaanza kuuliza. Ndipo nilipopotea kabisa. Wanasema mwanzoni klabu ilikuwa ya wanachama wenyewe, walichimba uwanja kwa majembe na kila aliyechimba akapewa kadi. Vizuri. Ila ukiuliza walishinda nini, kimya. Kisha upepo ukang'oa paa la jukwaa, wakashindwa kulirudisha, na hiyo ndiyo sababu wakampokea Mwenye Sabuni. Huyo namkumbuka, nilikuwa mtoto. Alileta mabati mapya, viatu, basi dogo, na kombe tukalichukua. Halafu ile mechi ya mwisho tukafungwa, tukashuka daraja, naye akaondoka kwa hasira na kufungua mabati yake bati moja moja. Mpaka leo mvua ikinyesha mashabiki wanabanana upande mmoja kama kuku.

Akaja Mwenye Mbao. Akabadilisha rangi ya jezi kutoka kijani kwenda kahawia, eti ndiyo rangi ya mbao. Akauza mshambuliaji, akauza winga wa kushoto, tukashuka tena. Lakini vyumba vya kubadilishia nguo alivijenga yeye, na mpaka leo havivuji. Alipochoka, wanachama wakaichukua tena klabu yao. Miaka sita sasa hatupandi wala hatushuki.

Sasa niambie, Mjomba, huyo ni mwizi au mfadhili? Kila ninayemwita mwokozi amebeba kitu, na kila ninayemwita mwizi ameacha kitu. Baba watoto anasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ana sababu zake: Mwenye Mabasi amemwahidi kazi ya kuchomelea gereji kwake. Nikimtazama mikono ilivyoungua namuonea huruma, natamani kusema ndiyo pale pale. Kisha Mama naye anasema, "Mwenyeji gani aliyepona hapa? Mimi nilimuona anayevuja tu." Nikimsikiliza mmoja naona amesema kweli, nikimsikiliza wa pili naona vile vile.

Jambo moja tu wote wanakubaliana, na ndilo linaloniuma. Wanasema Mwenye Sabuni alifukuzwa na wewe. Wanasema lile bao ndilo lililotuangusha, na kila shida iliyofuata ilipitia katikati ya mikono yako. Mtu aliyekuwa anaitwa Ukuta mpaka saa kumi, saa kumi na moja akaitwa Mlango Wazi. Nilikuwa nyuma ya goli lako siku ile, nina miaka tisa. Niliona mpira unakuja taratibu, niliona umeudaka kifuani, kisha nikaona uko wavuni. Sikuelewa. Uliposafiri wiki ile ile na kumwachia Baba kadi yako ukisema hutaki kuiona tena, sikuelewa pia.

Nisikilize vizuri hapa, Mjomba. Kama umesimama, kaa.

Wiki mbili zilizopita sabuni iliniishia siku ya mechi. Nyuma ya rafu ya stoo kuna boksi la zamani la miche ya sabuni ya kiwanda cha Mwenye Sabuni, imekauka kama mawe. Nikachukua mche mmoja, nikafulia kila kitu, na glavu za kipa wetu wa sasa humo humo. Kipindi cha pili manyunyu yakaanza. Golikipa akadaka krosi nyepesi, mpira ukamponyoka, akaudaka tena, ukamponyoka tena. Glavu zinatoa povu! Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Bahati yetu beki aliutoa mpira. Akanijia mbio baada ya mechi, "Dada, umenifulia glavu au umenipaka mafuta?"

Wote walicheka, isipokuwa mlinzi wa geti, ambaye zamani alikuwa akipika sabuni kiwandani. Akauokota ule mche, akaukwangua kwa ukucha. Akaniambia kwamba miezi ile ya mwisho mitambo ilikuwa mibovu na mapishi yalikuwa yanaharibika, mafuta yanabaki ndani ya sabuni. Kiwanda kilikuwa kinakufa tayari. Mwenyewe tajiri alikuwa ameshaanza kuhamisha vitu wiki mbili kabla ya mechi yako.

Nilirudi nyumbani nikamuuliza Mama, siku ile nani alifua glavu za Mjomba? Mama alikuwa anachambua mchele. Akachambua, akachambua, mpaka nikadhani hakunisikia. Kisha akasema, "Baba yako. Waliambiwa kila kitu king'ae kwa ajili ya picha, na kifuliwe kwa sabuni ya tajiri."

Na alijua, Mjomba. Alijua jioni ile ile, alipozisuuza glavu zako na povu likaanza kutoka upya. Mama anasema alikaa na lile beseni mpaka maji yakapoa. Aliogopa kusema kwa sababu angefukuzwa, na mimi nilikuwa na miaka tisa na nakula kama mchwa. Alipoondoka tajiri, wewe ulikuwa umeshakwenda, na baada ya hapo hakujua aanzie wapi. Wewe ulikuwa shemeji yake na rafiki yake, akakuacha ubebe mzigo ambao nusu yake ilikuwa ni yake.

Sijui nimkasirikie vipi mtu aliye kaburini. Najaribu, nashindwa, nalia, kisha mtoto naye analia, tunalia wote. Lakini silifuniki. Baba yangu alikosea, nami nakuomba radhi kwa niaba yake. Ukikataa kuipokea, nitaelewa.

Mlinzi wa geti ameshaanza kuwaambia watu habari ya ile sabuni. Wengine wanaamini, wengine wanasema tunakutafutia sababu. Mimi nimemwambia Katibu mbele ya mtungi wa maji, watu wakiwepo, kwamba glavu zilifuliwa na baba yangu. Akasema, "Sasa hiyo inabadilisha nini kwenye kura?"

Jibu nililipata nikiwa njiani kurudi, kama kawaida yangu. Inabadilisha hivi: miaka yote hii tumekuwa tukiamua mambo ya klabu juu ya hadithi isiyo ya kweli. Tulimlaumu kipa, tukasahau kutazama kiwanda. Sasa tunataka kumpokea mwingine, na hakuna hata mtu mmoja aliyekwenda kuangalia kama hayo mabasi yanatembea.

Kwa hiyo nimeamua, Mjomba, ingawa kichwa bado kinazunguka. Jumapili nitainua kadi namba saba na kusema hapana. Sijui kama huyu tajiri ni mbaya. Huenda ni mtu mwema, na huenda watoto wangu watanilaumu. Ila kitu nisichokielewa sikitii sahihi. Baba watoto amenuna siku mbili, leo asubuhi akaniambia, "Basi, kichwa chako kigumu ndicho nilichokioa," akachukua chakula chake akaenda kazini.

Kadi yako sitaiinua. Wala kwa ndiyo, wala kwa hapana. Watu wa hapa walishausemea mkono wako vya kutosha. Nimeitia ndani ya bahasha hii, na bahasha inaondoka leo na gari la barua, kabla ya Jumapili, makusudi, nisije nikabembelezwa nikalegea.

Nawe unazijua kanuni za waanzilishi kuliko mimi. Kura zikilingana, mkutano unavunjwa, na hakuna kinachouzwa wala kujengwa mpaka kadi iliyobaki ipige kura. Mwenye kadi aje mwenyewe, au aandike neno moja kwa mkono wake. Kama hakuna atakayegeuka, Jumapili itakuwa tisa kwa tisa. Wakati unasoma hapa, klabu nzima, pamoja na Mwenye Mabasi, itakuwa imekaa inamsubiri Mlango Wazi.

Neno moja kwenye karatasi linatosha, sikulazimishi. Ila glavu zako zipo. Baba alizitundika nyuma ya mlango wa stoo na hakuruhusu mtu azishushe. Jana nimezisuuza mara saba, kwa maji matupu, mpaka maji yakatoka meupe. Binti yangu akaniuliza ni za nani. Nikamwambia ni za babu yako aliye mbali. Akauliza, "Anakuja lini?" Nimekwambia huyu ni polisi.

Mama anakusalimu sana, na anasema kitanda cha uani kina godoro jipya. Mlinzi wa geti anakusalimu, anasema atakufungulia geti kubwa, si lile dogo. Baba watoto anakusalimu pamoja na kununa kwake. Wadogo wanakuamkia. Mungu akulinde uendako na ulalapo, aulainishe mgongo wako, na akupe moyo mwepesi.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye tangu nikiwa nyuma ya goli,

Kijiti
(sasa mama wa wawili, lakini bado mwembamba)