Kifungu Chako, Wafula

Wafula, mdogo wangu,

Sheria yako imepita. Nimeona nikuambie, maana ulituchosha nayo miaka na miaka. Bunge la huku ugenini limekubali: shirika la anga la taifa sasa limeandikiwa lifanye nini na lianze na lipi. Mwezi kwanza, kisha satelaiti za kutazama moto wa msituni, halafu huko kwingine mnakokujua nyinyi wanasheria. Redio ilisema kwa ufupi ikaendelea na kriketi. Nilikuwa kwenye gari nje ya stesheni ya treni ya Seven Hills, nikaizima.

Kifungu chako ulichokiandika mwenyewe kimo, hawakugusa hata nukta. Mwanaanga akifia huko juu, shirika litamrudisha nyumbani, na nyumbani ni pale watakaposema mwenzi wake au watoto wake. Ni Jumapili ngapi ulitusomea maneno hayo huku ugali unapoa? Wenzako ofisini walitaka pawe mahali mtu alipozaliwa. Siku moja ya kazi ulirudi kutoka mjini umevimba kwa hasira: "Yaani mtu akizaliwa Webuye, hata akifa wamtafutie Webuye? Waulizwe wanaomlilia!" Sisi tulikuwa tunakula. Binti yako Nekesa, bado na sare yake ya shule, alikuwa anakusikiliza.

Sasa ngoja nikuambie ulivyozikwa, kwa kuwa hukuwepo kusema neno.

Ulipoanguka ukafa ndani ya treni, matanga tuliyakalia kwako. Walikuja Wakenya, wakaja Wakongo wa kanisani na masufuria yao, watu wakakaa mpaka kwenye ngazi. Nilishaongea na Mama. Kaburi lilishachimbwa kule Webuye, kando ya Baba. Nikasimama kama dada yako mkubwa, nikasema mwili unasafiri.

Nekesa akainuka. Hakulia wala hakupaza sauti. "No, Aunty. Dad's home is where I say it is. He fought for that." Halafu nadhani alinionea huruma, akarudia kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika: "Nyumbani kwa Baba nasema mimi. Baba alisema, waulizwe wanaomlilia."

Mchungaji akaangalia viatu vyake. Mkeo alishaondoka zamani, mtoto ndiye huyo mmoja, na maneno yalikuwa yako. Nilikaa chini.

Ukazikwa hapa, katikati ya mzee wa Kigiriki na mama mmoja mwenye picha yake kwenye jiwe. Ni pazuri, sikatai. Nyasi zinakatwa kwa mashine.

Lakini kaburi la nyumbani lilikuwa wazi, na unajua kwetu kaburi likishachimbwa haliachwi hivyo, litaita mwingine. Wakakata mgomba. Wakaufunga shuka jeupe. Mama akasema hapana, avalishwe kwanza, akatoa shati lako la bluu uliloliacha ulipokwenda mara ya mwisho. Binamu alinitumia video. Nikaitazama kazini Westmead, kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Mama amepiga magoti anafunga vifungo vya shati kwenye shina la mgomba, kimoja kimoja, na cha shingoni kinamsumbua. Hataki kusaidiwa. Anaupapasa pale penye kichwa, kama pangekuwa na kichwa. Kisha wakauteremsha, na watu wazima wakaulilia.

Nilikuchukia. Naandika hivyo hivyo. Sijawahi kumchukia mtu namna ile, wewe na akili zako. Uliwafikiria watu watakaofia kwenye Mwezi, watu ambao hata hawajazaliwa. Mwanamke aliyekuzaa hukumfikiria. Hukumwandikia hata nusu ya mstari.

Kila akipiga simu anauliza lile lile. Nani alikataa? Ni ofisi gani, amtume mchungaji akaombe? Anadhani ni serikali ya huku. Anamwombea Nekesa kwa jina, eti maskini mtoto wa watu, wazungu wamemnyima baba yake. Mimi nashika simu tu, nasema ndiyo Mama.

Na huyo Nekesa anakuja kula kwangu kila Jumamosi. Anavaa saa yako, inamcheza mkononi. Anacheka kama wewe, na mdomo umejaa. Nimejaribu kumchukia na yeye, nimeshindwa.

Basi lala, Wafula. Lala hapo ulipolazwa na mtoto wako. Maua sikuletei, ulisema mwenyewe ni kazi ya wasio na ng'ombe wa kuchinja. Ila nakuahidi jambo moja, na hili nitalitimiza. Mama atakufa hajui. Akiniuliza tena ni nani aliyemkatalia mwanawe kurudi, nitamwambia ni sheria.

Na akiniuliza ni nani aliyeiandika, nitamwambia simjui.

Dada yako,
Nasimiyu