Mbio za Fintan zimebadilishwa jina

Gráinne, uko? Nimetoka sasa hivi kwenye duka la kamari.

Ni baba. Alikuwa anasoma ratiba ya Jumapili ukutani. Zile mbio za ukumbusho wa kaka yake, Fintan, aliyeanguka na farasi akafa kwenye uwanja wetu, sasa zina jina la kampuni ya madirisha.

Madirisha, Gráinne.

Akamuuliza Orla wa kaunta, "Mwanangu, Fintan yuko wapi?" Orla akamwambia, "Mzee, mbio ni zile zile, ni jina tu." Jina tu!

Baba akaenda kusimama mbele ya televisheni, farasi wa mbio nyingine wanakimbia, duka zima limeweka pesa. Cormac, ambaye hawasalimiani naye mwaka wa nane huu, akasema, "Toka hapo, unatuzibia."

"Nitatoka mkiniambia nani alifia uwanjani kwetu."

Hakuna aliyeuliza tena nani anaongoza. Kisha Cormac, bila kumtazama: "Fintan."

Baba akatoka moja kwa moja hadi nje. Sasa anazunguka gari, anataka nimpeleke uwanjani. Nimemwambia kumefungwa mpaka Jumapili, hasikii.

Nimewasha gari. Cormac naye kapanda nyuma.