Baba, Bendera Uliiona

Baba mpendwa,

Leo nimeshuka hadi kule chini, upande wa Mabogini, kwenye uwanja wenu wa mbio za magari. Watu wamelima mahindi mpaka katikati. Hata hivyo njia zote mbili bado zinaonekana: lile duara refu mliloliita Yai, na ile njia ya kona iliyochepuka kutoka kwenye duara, ikazunguka vichuguu na kurudi tena, mliyoiita Nyoka. Nimesimama palepale nilipokuwa nikisimama na bendera, na sikuogopa. Nikaona nikuandikie.

Unakumbuka mlivyouanza? Magari ya mitumba yalikuwa yameanza kuingia kwa wingi, vipuri vikapatikana madukani, na ninyi mafundi wa Moshi mkaona sasa mnaweza kuchakaza gari moja kwa raha zenu. Jumapili ya mbio tulisali misa ya kwanza kwetu Uru, mlimani, tukanywa mtori wa ndizi, kisha tukashuka na pikapu, Mama akiwa mbele amenuna, rozari mkononi. Kwenye Yai hakuna aliyekushinda. Kwenye Nyoka ulikuwa unashindwa kila mara, na jambo hilo lilikuuma kuliko ulivyotaka tujue.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mlinipa bendera ya njano, nikae pale Nyoka inaporudi kwenye Yai, maana kichuguu kilimziba dereva asione mbele. Gari likikwama njiani, naiinua ili wanaokuja wapunguze mwendo.

Siku ile vumbi liliniingia machoni, nikainama kujifuta kwa kanga. Nilipoinua kichwa, gari moja lilikuwa limezunguka na kusimama kukingama njia. Nikainua bendera. Wewe ulikuwa unakuja na gari lako la bluu, na hukupunguza. Uliligonga lile gari kwa nyuma, dereva wake akiwa ameshatoka, ukapinduka mara mbili. Nilimsikia Mama akiita jina lako, si "Baba Fulani" kama kawaida yake. Jina lako la ubatizo.

Ulilala hospitali miezi mitatu, paja limevunjika. Kila aliyekuja kukuona ulimwambia, "Breki zilikataa." Wote walikuamini. Mimi sikuamini, kwa sababu jioni ya kuamkia mbio nilikushikia taa ukikagua breki hizo, gurudumu moja moja. Nikajua unanificha. Nikajua bendera yangu ilichelewa, na baba yangu ameamua kubeba aibu ili mimi nisilaumiwe.

Nilikaa na neno hilo miaka minane, Baba. Nilikuona ukipanda kihambani, shamba letu la nyumbani, na fimbo, ukipumzika kila baada ya migomba michache, nami nikikimbilia kukubebea ndoo. Mama alinisifu kwa huruma. Haikuwa huruma.

Halafu ukaja ule mchana nilipokuendesha kutoka kliniki. Tulikuwa tunapanda Uru, nami sikuthubutu kuingiza gia ya tatu. Ukacheka: "Mwanangu, hata kuku watatupita." Sijui kwa nini kicheko hicho ndicho kilichonishinda. Nikasema, macho barabarani, "Baba, siku ile bendera yangu ilichelewa. Nisamehe."

"Simamisha gari," ukasema.

Nikasimama kando ya mibuni. Ukanigeukia, ukaniuliza, "Miaka yote hii ulikuwa unafikiri hivyo?"

"Breki zilikuwa nzima, Baba. Nilikushikia taa."

"Zilikuwa nzima. Na bendera niliiona. Ulipoinua nilikuwa mbali, nafasi ya kusimama ilikuwepo. Nilikuwa naongoza kwenye Nyoka kwa mara ya kwanza, nikajiambia nitapenya pembeni. Nikakanyaga mafuta."

"Sasa kwa nini ulisema breki?"

"Nilikuwa nimemwapia mama yako sitakimbia kijinga. Ningemtazama vipi?" Ukanishika mkono uliokuwa bado juu ya gia. "Nilimkwepa yeye, kumbe uongo wangu umekuangukia wewe. Nisamehe wewe, mwanangu."

Sikuwahi kumsikia mzee yeyote wa kwetu akimwambia mtoto wake neno hilo. Nililia mpaka mama mmoja aliyekuwa anachuma kahawa akaja dirishani kuuliza kama kuna msiba. "Hakuna," ukamjibu. "Tunaongea tu."

Jioni hiyo ulimweleza Mama mwenyewe, ukiwa umesimama kama mtu aliyeitwa barazani. Aliendelea kumenya ndizi. "Nilijua," akasema. "Fundi gani gari lake likatae breki? Nilikuwa nangoja useme." Kisha akainua macho, akaona uso wangu, akajua ni nani aliyeumia wakati yeye akingoja, akaweka kisu chini.

Nilikueleza mengi baada ya hapo, ila moja sikukueleza. Usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu ajali, nililala mpaka jua likawa juu, ng'ombe wakikosa majani, na hakuna aliyeniamsha.

Ulipotutoka mwaka jana, kitandani mwako, wanao wote wakiwa wamekuzunguka, nilikulilia sana. Watu walinishikilia. Lakini nilikulilia kama mtoto aliyefiwa na baba yake, basi. Hakuna kingine kilichochanganyika na machozi yale. Ungeondoka bila kusema, ningekuzika nikiwa na deni la mguu wako moyoni. Asante kwa kusema ungali hai.

Pumzika, Baba. Mama anakusalimu, na mimi sina hofu tena.

Ni mimi, binti yako wa kwanza.