Siri Yako Niliyoipeleka Chuo Kikuu

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumanne, 14 Mei

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Habari za huko? Goti linaendeleaje, na kile kikohozi kimekuacha? Sisi huku wazima wa mwili. Baba bado anatengeneza redio za watu na kugombana nazo kana kwamba zinamsikia. Mama hajambo. Mimi ndiye sijatulia. Tangu ile wiki ya usaili wa chuo, simu ikilia naikimbia.

Tafadhali isome barua hii ukiwa peke yako.

Unajua niliomba nafasi katika kile chuo kikuu kinachochukua watu arobaini tu wa udaktari. Maksi zangu ni nzuri, lakini maksi nzuri wanazo wote. Mwalimu wa kemia aliirudisha insha yangu ya kwanza, ile ya kupenda kusaidia wagonjwa. "Hii nimeshaisoma kwa wanafunzi kumi na tisa mwaka huu," akasema. "Andika jambo ambalo hakuna mwingine anayeweza kuliandika."

Shangazi, nilikuandika wewe.

Nilieleza ulivyokuwa unaishi nasi, ukipika hospitali hiyohiyo unayopikia hadi leo. Kwamba miaka sita ulipanga trei za wodini kwa kufuata rangi za kadi: nyekundu asile chumvi, njano asile sukari. Mpaka walipoleta kadi nyeupe zenye maandishi tu, bila rangi, ukaniita chumbani, ukafunga mlango, ukasema, "Chiriku, nifundishe kusoma, na huo mdomo wako uufunge." Nilieleza siku uliyosoma neno "figo" bila msaada wangu. Sikutaja jina lako wala hospitali. Nikajiona mjanja.

Waliipenda, wakaniita kwenye usaili. Walikuwa watatu nyuma ya meza ndefu. Daktari mmoja, mama mtu mzima, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, ndiye aliyeishika insha yangu.

"Hizi kadi za rangi," akaniambia taratibu, "niliwahi kufanya kazi mahali palipokuwa na kadi kama hizi. Huyu shangazi yako yuko wapi sasa? Bado anapikia wagonjwa?"

Nikakuona umeitwa ofisini na aproni yako, unaulizwa uliwalishaje wagonjwa miaka ile bila kujua kusoma. Nikafungua mdomo, nikasikia sauti yangu ikisema, "Hayupo. Nilitunga."

"Ulitunga?"

"Ndiyo, daktari. Nilitaka insha yangu isifanane na za wengine."

Wenzake wakatazamana, mmoja akalifunga faili langu. Yeye akaandika mstari mmoja kwenye karatasi yake. Mstari huo ndio unaoninyima raha. Sijui ameandika kwamba mimi ni mwongo, au ameandika jina la hospitali.

Jana jibu lilifika. Wamenikataa kwa kukosa uaminifu. Baba ameisoma barua yao mara tatu, haelewi, nami sijathubutu kumweleza. Kukataliwa kunaniuma tu. Hofu yangu ni mtu atakayekuja kuuliza huko kwenu.

Nisamehe, Shangazi. Nilijua nikikuuliza utakataa, ndiyo maana sikukuuliza.

Wakija, usijisumbue kunilinda kwa kusema kweli nilitunga. Waombe wakupe kadi yoyote, hata iliyojaa majina ya magonjwa usiyoyajua, uwasomee neno kwa neno, mbele ya macho yao.

Nisalimie mjomba mumeo na yule binti yako fundi cherehani. Mama anakusalimu sana, na kaka yako anauliza kama ile redio aliyokupa bado inasema. Mungu akufunike, na aibariki kila sufuria unayoipakua.

Mimi mtoto wako, ninayekupenda na kukuhofia,
Chiriku